Kapi Hupimwa kwa Kushusha: Tulivyotengeneza Makapi ya Mashua Yetu Ujiji

Mashua yetu ni ya tanga moja, urefu wake karibu mita nane, na kazi yake ni kubeba mizigo kati ya Ujiji na vijiji vya kusini. Tunaleta mawese na mihogo kutoka Ilagala, tunarudi na sabuni, chumvi, mabati na chochote ambacho wenye maduka wameagiza. Msimu ukiruhusu tunabeba na dagaa wakavu. Injini tunayo, ndogo, lakini petroli ndiyo inayoamua lini iwashwe, kwa hiyo siku nyingi tunakwenda kwa upepo.

Chombo cha namna hiyo kimeshikiliwa na vitu vidogo ambavyo abiria hawaviangalii. Henza ni kamba nene inayotoka kwenye foromali, yaani mti unaobeba tanga, inapita juu ya roda, gurudumu dogo lenye mfereji wa kamba, iliyomo kichwani mwa mlingoti, kisha inashuka na kuishia kwenye kapi (kifaa kinachoshika roda ndani yake) liitwalo gofia. Kati ya gofia na kapi la chini, pale mguuni mwa mlingoti, inapita jarari, ambayo ndiyo mabaharia wanaivuta kwa mikono. Ukivuta jarari, gofia inashuka na foromali inapanda. Ukilegeza, gofia inapanda na foromali inashuka. Mbali na hayo kuna kapi la demani, kamba inayoshikilia tanga lisiende na upepo. Basi. Roda chache, pini chache, kamba tatu. Mwaka 2024 nilielewa kwamba roho zetu zilikuwa zinaning'inia hapo.

Naandika kwa ajili ya mwenye mashua ziwani, au anayetaka kununua. Huku hatuna duka la vifaa vya matanga. Kapi likiharibika utakwenda kwa seremala, kwa fundi wa kukereza vyuma au kwa fundi wa magari, na kila mmoja atakutengenezea kwa akili ya kazi yake. Usipojua unachotaka utalipa mara mbili.

Kapi la juu lilikuwa linalia. Lililia tangu tulipoinunua mashua, na sisi tulilizoea, kama mtu anavyouzoea mlango wa nyumba yake. Mdogo wangu alikuwa akipanda mara moja moja na kopo la grisi, sauti inakoma kwa muda, kisha inarudi. Mjomba, ambaye ndiye nahodha na alijifunza kazi pwani, Pangani, kabla hajahamia huku, alishasema zaidi ya mara moja kwamba mlingoti ushushwe tuangalie. Lakini kushusha mlingoti ni kupoteza siku za kazi, na mzigo ulikuwa unasubiri.

Masika ya mwaka huo tulikuwa tunarudi kutoka Ilagala na madumu ya mawese. Wingu jeusi likasimama upande wa Kongo, na kabla mvua haijafika, upepo ukafika. Mjomba akasema, "Tua tanga." Hakupaza sauti. Mdogo wangu akalegeza jarari, foromali ikashuka kiasi cha mkono mmoja, ikakwama. Tukaivuta juu kidogo ili ijifungue, ikagoma. Tukalegeza tena, ikagoma. Tanga limejaa, mashua inalala, maji yanapanda juu ya ubavu.

Nilishika panga niikate jarari. Mjomba akanizuia kwa mkono, akasema, "Acha! Imebanwa juu, ukikata chini utapata nini? Fungua demani!" Alikuwa sahihi, na hili nalitaka mtu alishike kuliko mengine yote: kamba iliyobanwa kwenye roda ya juu haishuki hata ukiikata chini. Kinachokuokoa wakati huo ni kuliachia tanga upepo, yaani kufungua demani yote, likapigepige hewani. Tuliifungua. Mashua ikainuka. Tanga lilichanika vipande viwili na madumu yaliyokuwa upande wa chini yalikwenda na maji, lakini tulikuwa juu ya maji sote watatu. Upepo ulipotulia mdogo wangu alipanda na bisibisi kubwa akaichomoa henza pale ilipobanwa. Nilimtazama akiwa juu kule, mlingoti unayumba, na nilitetemeka kuliko wakati wa dhoruba yenyewe.

Serikali ilipolipumzisha Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, biashara ya dagaa ilisimama na mizigo mingine ikapungua. Tuliivuta mashua mchangani, tukashusha mlingoti. Miezi hiyo ni ya kiangazi, upepo wa kusi unavuma, mbao zinakauka vizuri. Kama una kazi ya makapi, ifanye kipindi hicho.

Tulichokikuta juu kilikuwa hivi. Roda ilikuwa ya mti, na tundu la katikati lilikuwa limelika mpaka likawa na umbo la yai. Pini, ambayo roda inazungukia juu yake, ilikuwa kipande cha nondo. Nondo ina meno na inashika kutu, na kila roda ilipozunguka, yale meno yaliikwangua. Kwa sababu ya tundu kulika, roda ilikuwa imelala upande, na upande wa pili, kati yake na ukuta wa mlingoti, pamebaki nafasi ya kupitisha kidole. Hata hiyo isingetosha kutuua. Kilichokamilisha hatari ni kamba. Henza ya awali ilikuwa nene, milimita 16. Ilipochakaa ilibadilishwa, ikawekwa ya milimita 10 kwa sababu ilikuwa rahisi na ilionekana imara. Kamba nene haiwezi kuingia kwenye nafasi ya kidole. Nyembamba inaingia, na ikishaingia, uzito wa foromali na nguvu ya upepo vinaizamisha zaidi.

Kwa hiyo ukibadilisha kamba umebadilisha kapi, hata kama kapi hujaligusa. Mfereji wa roda unatakiwa uwe mpana kidogo tu kuliko kamba, na nafasi ya pembeni kati ya roda na shavu la kapi, yaani ubavu wake, iwe ndogo kiasi kwamba kamba haiwezi hata kuanza kuingia. Sisi sasa hatuachi zaidi ya milimita moja na nusu kila upande. Na roda isiwe ndogo: kwa kamba za nyuzi, kipenyo cha roda kisipungue mara sita ya unene wa kamba, nane ni bora zaidi. Kamba inayokunjwa kwenye roda ndogo inajiumiza yenyewe na inazidisha uzito wa kuvuta. Henza ya milimita 14 ninayotumia sasa ina roda ya milimita 110.

Hapo ndipo ulipoanza ubishi uliotuchukua muda kuliko kazi yenyewe.

Fundi mmoja mjini, mtu hodari wa vyuma, alikuja kuangalia. Akamwamkia mjomba, "Shikamoo mzee," kisha akatoa ushauri wake: tuondoe gofia ya roda moja, tuweke makapi mawili yenye roda mbili mbili. Tanga litapandishwa na mtoto mdogo. Hesabu yake haikuwa na kosa. Foromali na tanga letu likiwa limelowa ni kama kilo 60. Mabaharia wa zamani walikuwa na kanuni ya kuongeza sehemu moja ya kumi ya mzigo kwa kila roda ambayo kamba inapita, kwa ajili ya msuguano. Kwa mpangilio wetu wa zamani, kamba mbili kati ya gofia na kapi la chini, pamoja na roda ya mlingoti, kuna roda tatu: kilo 60 zinakuwa kama 78, ukigawa kwa mbili mtu anavuta kilo 39. Kwa mpangilio wa fundi, roda ni tano na kamba ni nne: kilo 60 zinakuwa 90, ukigawa kwa nne ni kilo 22 na nusu. Nilivutiwa sana. Nilishaanza kuuliza bei.

Mjomba alikaa kimya mpaka fundi alipoondoka. Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, yeye anakuonyesha namna ya kupanda. Muulize namna ya kushuka."

Akachora mchangani. Foromali ikishuka mita tano, kwa mpangilio wa kamba mbili lazima mita kumi za jarari zikimbie kupitia makapi. Kwa kamba nne ni mita ishirini. Mita ishirini za kamba iliyolowa, zikipita roda tano, na kila roda inazuia kidogo. Na kinachovuta kamba hiyo yote wakati wa kushuka si mkono wa mtu, ni uzito wa foromali peke yake. Wakati wa upepo mkali uzito huo nao haufanyi kazi yote, kwa sababu upepo unaikandamiza foromali kwenye mlingoti na kuishikilia. Kila roda unayoongeza inakusaidia pale ambapo una muda, na inakupinga pale ambapo huna. Mtu anayepandisha tanga yuko ufukweni au kwenye maji tulivu, anaweza kupumzika katikati. Anayetua tanga mbele ya dhoruba ana sekunde chache.

Tukabaki na kamba mbili. Badala ya kuongeza roda, tukaamua kuzifanya zilizopo ziwe bora: kubwa zaidi, zenye pini laini, zenye nafasi sahihi. Najua wenye vyombo vikubwa vyenye foromali nzito hawana njia ila kuongeza roda. Lakini kwa mashua kama yetu, ambayo watu wawili wanaweza kupandisha, nasimama na mjomba.

Sasa vifaa. Pini ilikuwa rahisi. Mafundi wanaotengeneza reli za ngazi za chuma kisichoshika kutu huwa na vipande vya fimbo ya milimita 12 vilivyobaki. Nenda na sumaku ndogo. Ikiing'ang'ania fimbo kwa nguvu, tafuta nyingine, maana aina zinazovutwa na sumaku mara nyingi ndizo dhaifu mbele ya kutu. Maji ya Tanganyika si maji ya bahari, kutu inakwenda polepole kuliko Pangani, lakini inakwenda. Nilinunua kipande cha kutosha pini zote kwa shilingi 15,000.

Roda za kwanza tulikerezesha kwa naironi, ile fimbo nyeupe nene. Zilitoka nzuri. Tundu limebana pini sawasawa, roda inazunguka kwa kidole kimoja, hakuna kuyumba. Tulizifunga, tukaitia mashua majini kujaribu, na baada ya muda mfupi zikaanza kuwa nzito, mwisho ikawa kapi la chini, linalolowa kila wakati, halizunguki kabisa. Kamba ilikuwa inateleza juu ya roda iliyosimama. Naironi ya kawaida inakunywa maji. Ikikaa ndani ya maji muda mrefu inaweza kufyonza asilimia 8 hadi 10 ya uzito wake, na inavimba, tundu linaikaba pini na pembeni inayakaba mashavu. Fundi wa kukereza hakuwa na kosa, kwake roda ile ilikuwa ya mashine inayokaa pakavu.

Kuna plastiki nyingine inayofanana nayo, asetali, ambayo ufyonzaji wake wa maji haufiki asilimia 1. Tatizo ni kwamba madukani zote mbili huitwa naironi, na zote ni nyeupe. Zitofautishe kwa mizani. Kipande cha naironi cha sentimita za ujazo 100 kina uzito wa gramu 114 hivi, cha asetali ni gramu 141 hivi. Kama hukupata asetali, naironi bado inafaa, ila ilowekwe kwenye ndoo mpaka ishibe, ndipo tundu na pembeni vikerezwe kwa kipimo cha mwisho, na kuachwe nafasi ya nusu milimita kwenye pini. Baadhi ya roda za mashua yetu zimetengenezwa hivyo, na zinafanya kazi.

Kwa roda ya mlingoti, ambako mzigo unakaa kwa saa nyingi bila kuzunguka, tulikwenda njia nyingine, na kwa kweli hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda. Nilikuwa nimesoma kuhusu makapi ya jeshi la majini la Uingereza. Meli moja kubwa ya kivita ya zama zile za matanga ilihitaji makapi karibu elfu moja. Kule Portsmouth, Marc Brunel alibuni mashine za kuyatengeneza, Henry Maudslay akaziunda, na kufikia mwaka 1808 kiwanda kile kilikuwa kinatoa makapi 130,000 kwa mwaka. Kilichonivutia ni namna roda zao zilivyotengenezwa: mti mgumu sana wenye mafuta ya asili, kutoka visiwa vya Karibi, na katikati bushi ya madini ya shaba ili pini isiule mti. Mti ule hatuna. Lakini mpingo tunao. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, una mafuta yake, na haufyonzi maji kwa pupa.

Nilipata kipande kwa mchonga vinyago, kipande ambacho kwake kilikuwa na ufa upande mmoja na hakimfai. Fundi wa kukereza alilalamika kwa sababu mpingo unaumiza visu vya mashine, akanitoza shilingi 20,000 kwa roda moja badala ya 10,000. Nililipa bila kunung'unika. Bushi nilipata kwa mafundi wa umeme wa magari: bushi ya shaba ya stata, ambayo tundu lake linaingia pini ya milimita 12, shilingi 5,000. Tuliipigilia ndani ya roda kwa kutanguliza ubao ili isipasuke. Roda nzima tukailoweka kwenye mafuta ya kitani ya dukani, tukaiacha ikauke kivulini, si juani. Watu wengi walinishauri mawese, maana ndiyo yaliyopo kila nyumba Kigoma. Mawese hayakauki. Yanabaki yananata, yanakamata vumbi na mchanga, na mchanga ndani ya kapi unafanya kazi ya msasa.

Jamaa yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia kwa basi makapi mawili yaliyotumika, yametoka kwenye boti la michezo. Ni mepesi mno, mashavu ya plastiki, na ndani roda inazungukia juu ya gololi ndogo za plastiki. Ukiyazungusha yanaendelea kuzunguka baada ya kutoa kidole. Kila aliyeyaona alisema yawekwe juu ya mlingoti. Nilikataa. Gololi za plastiki ni hodari kwa kamba inayokimbia mara kwa mara, lakini zikikaa chini ya mzigo mzito bila kuzunguka zinabonyea, na kapi linaanza kuruka-ruka. Mahali pake ni kwenye demani, ambayo inalegezwa na kuvutwa wakati wote. Kumbuka demani ndiyo iliyotuokoa. Hiyo ndiyo kamba ninayotaka ikimbie kuliko zote.

Makapi ya gololi hayataki grisi. Grisi inashika vumbi na kuzigandisha gololi. Hayataki kingine ila maji safi, sabuni kidogo, na kuachwa yakauke. Ukilazimika kulifungua, tandika kanga ndani ya beseni na ufungulie humo, maana gololi zitaruka zote, na moja ikipotea roda haikai sawa. Angalia pia mashavu: plastiki iliyochomwa na jua huwa na vumbi jeupe ukiipangusa, na ukiikunja kidogo inapasuka. Kapi moja kati ya yale mawili lilikuwa hivyo. Nililitoa gololi zikawa za akiba, mashavu nikayatupa.

Namna ya kulishikiza kapi nayo ina hesabu yake, na mafundi wengi hawaifikirii. Kamba ikipanda na kugeuka kurudi chini, kapi halibebi uzito wa mzigo tu, linabeba mara mbili yake, kwa sababu pande zote mbili za kamba zinalivuta. Kamba ikigeuka pembe mraba, kapi linabeba kama mara 1.4. Kwa hiyo kilo zetu 60 zinakuwa zaidi ya 120 juu ya mlingoti, kabla hujahesabu upepo. Kapi letu la chini lilikuwa limeshikwa na kulabu ya chuma iliyokunjwa kienyeji, na tulipoiangalia kwa makini ilikuwa imeanza kufunguka. Tuliiondoa. Sasa limefungwa kwa kitanzi cha kamba kilichozungushwa mara nyingi. Kitanzi unakiona kinapochakaa, nyuzi zinachomoza. Chuma kibovu hakikuonyeshi kitu mpaka kikatike.

Kamba yenyewe nilibadilisha pia. Zile za bluu na kijani zinazouzwa kwa kilo kwa wavuvi ni rahisi, lakini jua linazila na zinakuwa na miba. Naironi inavutika, inafaa nanga, haifai henza, kwa sababu tanga litakuwa linashuka lenyewe kidogo kidogo. Tulichukua poliesta. Ni ghali, na ndiyo iliyokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii ukiacha kushona tanga upya. Jumla, kwa makapi, pini, bushi, kukereza na kamba, tulitumia kama shilingi 260,000. Mawese yaliyokwenda na maji siku ile yalikuwa na thamani kubwa kuliko hiyo.

Kabla ya kurudisha mlingoti tulipima kila kapi kwenye mwembe wa jirani. Usipime kapi kwa kulizungusha kwa kidole. Roda mbovu kabisa inaweza kuzunguka vizuri ikiwa haina mzigo. Tulifunga kapi kwenye tawi, tukapitisha kamba, tukaning'iniza gunia la mchanga, tukavuta na kushusha huku kamba tumeilowesha. Kisha, na hii ni njia ya mjomba, tukapunguza mchanga kidogo kidogo mpaka tukapata uzito mdogo kabisa ambao bado unaweza kuivuta kamba na kushuka wenyewe. Roda ya zamani na pini yake ya nondo ilitaka karibu kilo 15 ndipo ianze kusogea. Ya mpingo ilishuka kwa kilo 3. Mdogo wangu aliposhuhudia gunia dogo lile likiteremka lenyewe alikaa chini akaliangalia muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika jarari siku ile.

Jambo la mwisho tuliloongeza halikuwa na gharama: kamba nyembamba ya kushushia. Imefungwa kwenye foromali karibu na mahali henza iliposhikia, inashuka kando ya mlingoti, inapita kapi dogo mguuni, na ncha yake iko karibu na mkono wa nahodha. Henza ikisita, unalegeza jarari na kuivuta foromali chini kwa nguvu. Hupaswi kusubiri uzito uamue. Tuliitumia msimu wa mvua uliofuata, mawingu yalipotukuta karibu na mdomo wa Malagarasi. Foromali haikuhitaji kuvutwa sana. Ilishuka, tukalikunja tanga, tukawasha injini, tukaingia kijijini tumelowa, mzigo wote upo. Mjomba hakusema neno. Alikwenda mguuni mwa mlingoti akaigusa jarari, akaikagua urefu wake wote akitafuta mahali palipochubuka.

Sasa hivi kila mwanzo wa mwezi mdogo wangu anapanda na kitambaa, si na grisi. Anapangusa roda ya juu, anapima nafasi ya pembeni kwa kipande cha bati chenye unene tunaoujua, anaangalia kama ufa wa mpingo umeanza. Haujaanza. Kapi la chini ndilo linalonisumbua kidogo, kwa sababu roda ni mpya lakini mashavu ni yale ya zamani ya mninga, na moja limeanza kupasuka kufuata nyuzi za mti, pale pini inapopita. Nimelizungushia kamba nyembamba kwa kulikaza, litatufikisha mpaka tutakapoivuta mashua mchangani tena. Ubao wa mninga nimeshaagiza kwa mtu anayekuja na treni kutoka Tabora, na nimemwambia achague ule uliokauka.